Kwa nini makaa hayanasi sumu yake yenyewe

Leo tunaweka hifadhidata kando na kuingia jikoni. Usiogope, hesabu zitakuwepo.

Hapa Kaloleni, kama mitaa mingine ya Eastlands, mtu akiwa na friji inayonuka samaki hutia vipande vya makaa kwenye kibakuli na kukiweka ndani. Baada ya siku mbili tatu harufu imepungua. Wengine huweka makaa kwenye kabati la viatu. Kijana mmoja ninayemfundisha kuandika programu aliniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu kwa sentensi moja: "Mwalimu, kama makaa yanavuta harufu, mbona jiko la makaa linaua watu wakilala? Si makaa yenyewe yangevuta hiyo sumu?"

Ni swali zuri kuliko linavyoonekana. Ukilifuata vizuri linakupitisha Sweden, Urusi, kwenye mahandaki ya Vita vya Kwanza vya Dunia, milima ya Ethiopia, mpaka kwenye kuta za nyumba zetu hapa mtaani. Jibu lake pia linaweza kuokoa mtu. Twende taratibu.

Watu waliopima kabla ya kuelewa

Tuanze mwaka 1773. Mwanakemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, alipima kiasi cha gesi kilichoingia ndani ya makaa na kutoka tena. Miaka minne baadaye, 1777, Mwitalia Felice Fontana alichukua makaa mekundu ya moto, akayazima ndani ya zebaki ili hewa ya kawaida isiyaguse, kisha akayaingiza kwenye bomba lenye gesi. Gesi ikapungua. Haikuungua wala haikugeuka kitu kingine. Iliingia tu kwenye makaa ikatulia humo. Mwaka 1785 Tobias Lowitz, akifanya kazi St. Petersburg, akagundua kwamba makaa huondoa pia rangi kwenye vimiminika. Viwanda vya sukari Ulaya vikaichukua habari hiyo upesi, na makaa ya mifupa yakaanza kutumika kung'arisha sukari.

Mtu ninayempenda zaidi katika hadithi hii ni Mswisi Théodore de Saussure, kwa sababu alifanya kile ambacho mwandishi yeyote wa programu angefanya: alitengeneza jedwali. Mwaka 1814 alitoa vipimo vya gesi mbalimbali alizoziweka pamoja na makaa ya mti mgumu uitwao boksi. Alitaka kujua kipimo kimoja cha makaa kinanasa vipimo vingapi vya gesi. Hizi ni baadhi ya namba zake:

- Amonia: 90
- Salfa dioksidi: 65
- Hewa ya ukaa, yaani kaboni dioksidi: 35
- Kaboni monoksidi: 9.42
- Oksijeni: 9.25
- Hidrojeni: 1.75

Tazama jedwali hilo kwa makini. Lita moja ya makaa ilimeza lita 90 za amonia. Amonia ni ile harufu ya choo kichafu, kwa hiyo friji na kabati la viatu tumeshavielewa. Sasa shuka mpaka mstari wa nne. Kaboni monoksidi, ile gesi ya jiko inayoua, inanaswa karibu sawasawa na oksijeni. Machoni pa makaa, sumu ile haina tofauti kubwa na hewa safi. Jibu la swali la kijana wangu lilikuwa limeandikwa tangu 1814, zaidi ya karne kabla Kaloleni haijajengwa.

Vitundu, na gesi zinazopenda kutulia

Kwa nini iwe hivyo? Kipande cha makaa ni mti uliopoteza maji na mafuta yake, ikabaki mifupa ya kaboni. Mifupa hiyo imejaa vitundu vidogo mno. Vile vinavyofanya kazi kubwa ya kunasa gesi vina upana chini ya nanomita 2, na unywele wa binadamu una upana wa makumi ya maelfu ya nanomita. Molekuli ya gesi ikiingia kwenye kitundu chembamba hivyo inakuta ukuta kila upande, na kila ukuta unaivuta kidogo. Mivuto hiyo midogo ikijumlishwa inatosha kuitulizia hapo.

Hapa pana jambo la kutofautisha. Sifongo hunyonya maji yakaenea ndani yake. Makaa hushika gesi juu ya uso wa vitundu vyake, kama vumbi linavyonata kwenye kioo. Mwaka 1881 Mjerumani Heinrich Kayser alisambaza jina maalumu la kitendo hicho cha kunata juu ya uso ili kisichanganywe na kunyonya. Mimi nitasema "kunasa" tu, tuelewane.

Sasa, gesi gani hunaswa vizuri? Kwa jumla, ni ile ambayo hata bila makaa ina hamu ya kuacha kuwa gesi. Gesi inayogeuka kimiminika kwa urahisi ina molekuli zinazopenda kushikana, na hizo hizo hupenda kushika ukuta. Amonia huwa kimiminika ikipoa hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Klorini, nyuzi 34 chini ya sifuri. Hewa ya ukaa hugeuka barafu kavu kwenye nyuzi 78 chini ya sifuri. Kaboni monoksidi inasubiri mpaka nyuzi 191 chini ya sifuri, na oksijeni nyuzi 183 chini ya sifuri. Kwenye baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai, hata ikishuka nyuzi 10, kaboni monoksidi haina sababu yoyote ya kutulia kwenye kitundu. Inapita tu, kama mtu asiye na mwenyeji mjini.

Mmenyuko mmoja, watoto wawili

Makaa ya jikoni yana vitundu, lakini vingi vimezibwa na lami iliyobaki wakati wa kuchoma. Mwaka 1900 na 1901 Raphael von Ostrejko alipata hataza za njia za kuvifungua. Moja ya njia hizo ni kuyachoma makaa tena, bila kuyaacha yawake, huku ukipitisha mvuke wa maji au hewa ya ukaa juu yake yakiwa mekundu. Gesi hiyo inaila kaboni kidogo kidogo kutoka ndani, ikipanua vitundu na kuchimba vipya. Kinachobaki ndiyo tunayoyaita makaa amilifu.

Matokeo yake ni ya ajabu. Gramu moja ya makaa amilifu mazuri inaweza kuwa na eneo la ndani la mita za mraba 1,000 hivi. Uwanja wa mpira wa mita 105 kwa 68 una mita za mraba 7,140. Maana yake ni kwamba gramu 7 za makaa hayo, kama kijiko kimoja cha mezani, zina eneo la uwanja mzima. Sisi wa Kaloleni tuna kipimo karibu: City Stadium, ambao tangu 2019 unaitwa Joe Kadenge, uko ng'ambo tu ya Jogoo Road. Chukua uwanja ule wote, uukunje, uuweke kijikoni.

Lakini angalia mmenyuko wenyewe. Hewa ya ukaa inakutana na kaboni iliyo nyekundu kwa moto. Molekuli moja ya hewa ya ukaa inachukua atomu moja ya kaboni kutoka kwenye ukuta wa kitundu, na zinazaliwa molekuli mbili za kaboni monoksidi. Kitundu kimeongezeka, na sumu imetoka.

Sasa njoo kwenye jiko lako. Hewa inaingia kwa chini kupitia kimlango. Oksijeni inakutana na makaa ya chini na kuzaa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ya ukaa inapanda kupitia makaa mekundu ya katikati, na hapo inakula kaboni na kugeuka kaboni monoksidi. Ikifika juu ikakuta hewa ya kutosha na joto la kutosha, inawaka. Ile miali ya bluu unayoiona ikicheza juu ya makaa yaliyoshika ni hiyo gesi inateketea. Makaa yakianza kufifia, au yakifunikwa majivu, au chumba kikiishiwa hewa, miali ya bluu inapotea lakini gesi inaendelea kutoka. Ndiyo maana jiko linaloonekana limetulia, halina moshi wala mwali, ndilo la kuogopwa.

Kwa hiyo kile kinachoyapa makaa uwezo wa kunasa sumu za wengine ndicho kinachozaa sumu ambayo makaa hayawezi kuinasa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kimo jikoni mwako.

Kuna sababu nyingine pia: joto. Kunasa gesi kunahitaji molekuli itulie, na joto linaifukuza. Viwandani, ukitaka makaa yaliyojaa gesi yaitapike, unayapasha moto. Makaa mekundu ya jiko hayanasi gesi yoyote ya maana, hata amonia.

Vita vilivyofundisha kwa uchungu

Mskoti John Stenhouse alitengeneza barakoa ya makaa mwaka 1854, kwa ajili ya watu waliofanya kazi kwenye harufu mbaya na mvuke wa hatari. Kwa miaka 60 ilibaki kifaa cha wachache.

Kisha ikaja tarehe 22 Aprili 1915. Karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi ya klorini na kuacha upepo ubebe wingu kwenda kwa adui. Askari walizama kwenye hewa. Miongoni mwa waliotumwa kuchunguza alikuwa mwanafiziolojia Mwingereza John Scott Haldane. Kinga za kwanza zilikuwa vitambaa vilivyolowekwa kemikali. Kila kemikali ilizuia gesi fulani tu, na adui alipobadilisha gesi, kitambaa kikawa bure.

Mwaka huohuo huko Urusi, mwanakemia Nikolai Zelinsky alipendekeza makaa amilifu. Hoja yake, kwa lugha ya kazi yangu, ni kwamba kitambaa cha kemikali ni orodha ya virusi vinavyojulikana, na kesho kirusi kipya kitapita. Makaa hayaulizi jina la gesi. Yanauliza tu kama inapenda kutulia. Klorini inapenda. Fosijini, iliyokuja baadaye na kuua wengi zaidi, huwa kimiminika kwenye nyuzi 8 juu ya sifuri, kwa hiyo inapenda zaidi. Kwa bahati ya ulimwengu, gesi nyingi za vita ni molekuli nzito, na makaa huzinasa vizuri.

Ilionekana pia kwamba makaa bora ya barakoa hutoka kwenye vitu vigumu, hasa vifuu vya nazi. Vitundu vyake ni vyembamba na chembe zake hazipondeki. Mwaka 1918 Wamarekani waliombwa wakusanye kokwa za matunda na maganda ya njugu ili zichomwe ziwe makaa ya barakoa. Mpaka leo kifuu cha nazi, ambacho Kilifi na Kwale hutupwa au hutiwa motoni, ni malighafi inayoheshimika duniani kwa kazi hii.

Lakini kulikuwa na gesi moja iliyopita kwenye barakoa zote za makaa: kaboni monoksidi. Ilizalishwa na mizinga, bunduki za rashasha na milipuko, ikajaa ndani ya meli na mahandaki. Haldane aliijua tangu zamani. Mwaka 1896 alionyesha kwamba wachimbaji wengi wa makaa ya mawe waliokufa baada ya milipuko waliuawa na gesi hiyo, na ndiye aliyependekeza ndege wadogo washushwe migodini ili waonyeshe dalili kabla ya watu. Gesi hiyo hushika damu mahali pa oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200. Damu yetu inaipenda sana, makaa hayaipendi kabisa. Hapo ndipo balaa lilipo.

Ufumbuzi ulipatikana Marekani mwishoni mwa vita. Mchanganyiko wa oksidi za manganizi na shaba, ulioitwa hopcalite kutokana na vyuo vya Johns Hopkins na California, uliweza kuiunganisha kaboni monoksidi na oksijeni ikawa hewa ya ukaa, bila moto. Haukuinasa, uliigeuza. Ukilowa maji unaharibika. Kwa hiyo kuna mitungi maalumu ya gesi hiyo, na mtungi wa kawaida wa makaa hauwi badala yake.

Kutoka Ethiopia hadi Kaloleni

Mpaka hapa utasema haya ni ya Wazungu na vita vyao. Ngoja historia isogee karibu.

Baada ya vita hivyo mataifa yalitia saini Itifaki ya Geneva, tarehe 17 Juni 1925, kukataza gesi za sumu vitani. Italia ilikuwa miongoni mwao. Oktoba 1935 Italia ya Mussolini iliivamia Ethiopia. Kuanzia Desemba mwaka huo ndege zake zilitumia gesi ya haradali, kwanza kwa mabomu kisha kwa kunyunyizia kutoka angani, juu ya askari, wanakijiji, mifugo na mito. Tarehe 30 Juni 1936 Haile Selassie alisimama mbele ya Shirikisho la Mataifa huko Geneva akaeleza jinsi mvua hiyo ilivyonyeshwa juu ya watu wake. Italia ilikana kwa miongo mingi. Wizara yake ya ulinzi ilikiri mwaka 1996.

Gesi ya haradali kwa kweli ni mafuta, yanayochemka kwenye nyuzi 217 hivi. Makaa huunasa mvuke wake bila shida. Kiufundi, barakoa zilizokuwa kwenye maghala ya Ulaya mwaka 1935 zingelinda mapafu na macho ya askari wa Ethiopia. Ngozi isingepona, maana haradali hupita kwenye nguo, na wengi wao walipigana miguu mitupu. Lakini barakoa zenyewe karibu wote hawakuwa nazo. Elimu ilikuwepo tangu 1814, kiwanda tangu 1915, makubaliano tangu 1925. Vyote vitatu havikufika Tigray.

Mwaka 1941 majeshi ya Uingereza, pamoja na askari wa KAR kutoka Kenya na nchi jirani, yaliwashinda Waitalia Ethiopia na Somalia. Addis Ababa ilitwaliwa Aprili mwaka huo. Wafungwa wa vita kwa makumi ya maelfu waliletwa Kenya. Walijenga barabara ya kushuka Bonde la Ufa na lile kanisa dogo la Mai Mahiu ambalo kila anayekwenda Narok amelipita. Na hapa Nairobi, miaka ya 1940, walijenga Kaloleni.

Ndiyo, nyumba hizi za vigae vyekundu, zilizopangwa na nafasi za miti katikati na ukumbi wa jamii ambao baadaye ulikuwa uwanja wa siasa za kudai uhuru. Sisemi kwamba fundi fulani aliyepanga jiwe la ukuta wangu alirusha gesi. Wengi walikuwa vijana walioandikishwa kama vijana wowote. Ninachosema ni kwamba mtaa wetu umezaliwa na vita ambavyo ndani yake watu wa Afrika Mashariki waliuawa kwa gesi ambayo dunia ilikuwa na kinga yake. Ukikaa Kaloleni, historia ya makaa na gesi si hadithi ya mbali. Uko ndani ya kuta zake.

Hesabu ya madebe

Sasa turudi kwenye namba. Kati ya 1916 na 1918 Mmarekani Irving Langmuir, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1932, alitoa kanuni fupi ya kunasa gesi. Fikiria stendi ya Muthurwa. Nafasi zinahesabika, na kila nafasi inaingia matatu moja. Matatu zinaingia kwa kasi inayotegemea wingi wake barabarani, na zinatoka kwa kasi inayotegemea jinsi zinavyoipenda stendi. Mambo yakitulia:

sehemu iliyojaa = K × P / (1 + K × P)

P ni wingi wa gesi hewani, K ni mapenzi ya gesi kwa makaa. K × P ikiwa 9, stendi imejaa asilimia 90. Punguza gesi mara 100, K × P inakuwa 0.09, na stendi inajaa asilimia 8 tu. Yaani makaa hunasa vizuri gesi ikiwa nyingi. Ikiwa chache, ni lazima K iwe kubwa sana.

Kaboni monoksidi ina K ndogo, na inaua ikiwa chache. Tukadirie. Chumba cha mita 3 kwa 3, kimo mita 2.5, kina lita 22,500 za hewa. Gesi hiyo ikifika asilimia 0.1, kiasi kinachoweza kuua kwa saa chache, chumbani mna lita 22.5 za sumu. Kwa jedwali la Saussure, lita moja ya makaa ilinasa lita 9.42 gesi ikiwa tupu. Ikiwa asilimia 0.1, itanasa kama lita 0.0094. Gawanya: unahitaji karibu lita 2,400 za makaa. Kwa debe la lita 20, ni madebe 120, yote makavu na ya baridi. Na hapo nimeisaidia makaa, maana sijahesabu oksijeni na unyevu wa hewa vinavyogombea nafasi zile zile, wala jiko linaloendelea kuzalisha.

Kwa hiyo ukiona mtu ameweka bakuli la makaa pembeni ya chumba "linyonye gesi ya jiko", ujue anahitaji mabakuli mengi sana.

Leo elimu hii inafanya nini

Kanuni ile ile inalisha viwanda na kuokoa wagonjwa. Miaka ya 1970 Wajerumani wa Bergbau-Forschung, Essen, walitengeneza makaa yenye vitundu vyembamba mno hivi kwamba oksijeni hupenya haraka na naitrojeni huchelewa. Ukisukuma hewa kwa shinikizo, oksijeni inabaki ndani na naitrojeni inatoka upande wa pili. Ukiachia shinikizo, makaa yanaitapika oksijeni na mzunguko unaanza upya. Matangi mawili hupokezana zamu, moja likijaza jingine likimwaga, kama seva mbili zinazopokezana mzigo.

Mitambo ya oksijeni ya hospitali hutumia mzunguko huo huo, ila badala ya makaa huweka madini yaitwayo zeolaiti, ambayo hushika naitrojeni na kuacha oksijeni ipite. Hewa Tele walianza na mtambo wa namna hiyo Siaya mwaka 2014, kabla korona haijatufundisha sote thamani ya mtungi wa oksijeni.

Kuhusu hewa ya ukaa inayopasha dunia joto, tumia kanuni ya stendi. Kwenye moshi wa kiwanda ni nyingi, na makaa yanaweza kuinasa na kuiachia kwa nishati ndogo, ingawa mvuke wa maji huyasumbua. Kwenye hewa ya kawaida ni kama asilimia 0.04 tu, kwa hiyo makaa matupu yanaambulia kidogo sana. Ndiyo maana kampuni kama Octavia Carbon, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 2022, ilitumia vichujio vyenye kemikali inayoshikana na gesi hiyo kwa nguvu zaidi. Na mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya kemia ilikwenda kwa Susumu Kitagawa, Richard Robson na Omar Yaghi kwa kazi ya kujenga vitu vyenye vitundu vya kupangwa, atomu kwa atomu. Saussure aliokota vitundu alivyovikuta kwenye mti. Hawa wanaviandika kama sisi tunavyoandika programu.

Jambo moja la mwisho kuhusu vichujio. Ndugu zetu wa Goma wana neno mazuku, kwa mabonde ambayo hewa ya ukaa kutoka ardhini hutuama na kuua mifugo na watoto. Makaa hunasa hewa ya ukaa, lakini usijidanganye kuingia huko na barakoa. Kichujio huondoa, hakiongezi. Oksijeni ikiwa imefukuzwa, hakuna makaa ya kuirudisha.

Basi tufanye nini

Nyumba za Kaloleni za awali zilijengwa na madirisha ya kutosha. Vibanda vya mabati tulivyoviongeza pembeni havina, na wakati wa baridi tunaziba hata nyufa. Jiko la udongo ndani ya bati, lililosambaa Kenya miaka ya 1980, linapunguza makaa unayotumia. Haliondoi kaboni monoksidi. Kwa hiyo:

1. Washia jiko nje, na usiliingize ndani ili upate joto la kulalia, hata likiwa limefifia. Hasa likiwa limefifia.
2. Gesi hii haina harufu wala rangi. Kichwa kikiuma, ukisikia kizunguzungu au kichefuchefu karibu na jiko, toka nje kwanza, maswali baadaye. Watu wawili chumbani wakiumwa kichwa pamoja, usiseme ni homa.
3. Barakoa ya kitambaa au ya makaa haikusaidii kwa gesi hii. Sufuria ya maji juu ya jiko pia haisaidii.
4. Wale wa kutengeneza vifaa, kihisio cha MQ-7 ni kizuri kwa kujifunza, lakini hushtuka pia kwa gesi nyingine na kinahitaji kurekebishwa. Usimlaze mtoto kwa kukitegemea.
5. Makaa ya kwenye friji yaacheni, yanafanya kazi yake. Yakichoka, yaanikeni juani au yaingie jikoni, nje.

Makala ijayo tunarudi kwenye hifadhidata. Mpaka hapo, fungueni dirisha.